Motoka Iliyokuja Ndani ya Masanduku

Goma, kartie Katindo, tarehe 9 mwezi wa sita 2024

Kwa kaka yangu Useni, Antwerpen,

Salamu alekum, kaka. Mimi dada yako Kuluthumu niko muzima, ni mugongo tu unanisumbua asubuhi, na sasa niko na miaka hamsini na tatu, acha unisumbue. Binti yangu Shakila amezaa huko Bukavu, mutoto mwanaume, wamemupa jina la baba yetu. Ukimuona, masikio ni ya baba kabisa, yamesimama kama milango ya kabati. Mvua imekata mapema mwaka huu, vumbi la mawe linaingia mpaka ndani ya sahani. Wote wanakusalimia.

Unaona ninaandika mwenyewe. Watu wananiuliza, Mama Rachid, telefone ziko, barua ni ya nini? Ninawajibu: telefone inakula maneno. Baba alitusomesha Kasongo, wewe mpaka mwisho na mimi mpaka ya tano primeri, ili siku tukiwa mbali tuandikiane. Basi tuko mbali. Mama Sidonie, jirani yangu anayevuka mpaka kila siku kuuza nyanya Gisenyi, Rwanda, ndiye anapeleka barua zangu posta ya kule na kuniletea zako.

Sasa, kaka, VITU VIMEFIKA. Masanduku kumi na moja! Lori lilishindwa kuingia avenyi yetu kwa sababu ya mawe, wakashusha barabarani, tukaita watu wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma. Kaka, ungekuwepo! Chukudu tisa moja nyuma ya ingine, na mbili zimefungwa pamoja kubeba chuma kirefu cha shasi, mugongo wa motoka, mimi natembea mbele kama niko napeleka bibi harusi. Kartie nzima ilitoka. Mama Emerance wa ngambo ya ukuta, unamujua kwa mudomo, akauliza, "Mama Rachid, umenunua mufupa wa tembo?" Nikamuambia, "Ni motoka ya mashindano, mama, inatoka Ubelgiji. Mutoto wangu ataijenga humu humu nyumbani, ndani ya garaji ya marehemu baba yake." Akanyamaza! Emerance kunyamaza, andika siku hiyo.

Rachid alilia. Mutoto wa miaka ishirini na tano, fundi mwenye diplome, mutu ambaye madereva wa Himbi wanamutafuta, alishika ule volan, usukani mudogo mudogo, akaenda kusimama nyuma ya nyumba.

Na lile shauri letu, kaka. Mwaka jana nilikuomba usimuite huko, umutumie kitu cha kumushika hapa. Umenisikia, Mungu akulipe. Hasemi tena Ulaya. Nilizika baba yake, Shakila ameolewa mbali, Rachid naye akienda nyumba hii itanimeza. Hilo libaki kati yetu.

Shida ni moja: kitabu cha kujengea kimeandikwa Kiflama, lugha ya huko kwenu. Rachid anasema wewe peke yako unaweza kukigeuza.

Dada yako,
Kuluthumu

*Mujomba, salamu, ni Rachid hapa chini. Picha ya ukurasa wa 9 inaonyesha bulo nne, zile boliti, lakini kwenye shasi mimi nahesabu mashimo matano. La tano ni la nini? Na umusamehe mama, barua yake ni ndefu kuliko kitabu.*

—

Antwerpen, 28 mwezi wa saba 2024

Kulu, dada yangu mudogo,

Alekum salamu. Mimi muzima. Hapa ni jua, watu wanatembea nusu uchi na kusema ni joto. Shakila umupe pongezi. Masikio ya baba ni mali.

Rachid, shimo la tano ni la waya wa betri. Usilizibe. Nimeweka humu kurasa za 1 mpaka 40 kwa mukono wangu, kwa Kiswahili. Ninatafsiri jioni nikitoka kazi. Maneno mengine hayana Kiswahili, nimechora. Hii muishike kama sala: bulo zote zifungwe kwanza kwa mukono, bila kukaza. Ukikaza moja kabla ya zingine, shasi inapinda na hutaona mpaka siku motoka inakimbia.

Mutataka kujua ilitoka wapi. Jirani yangu, muzee, aliinunua siku alipopata pensio. Masanduku yakakaa chini ya nyumba miaka kumi na tatu, akafa hajafungua hata moja. Mujane wake aliniambia, chukua, nikiyaona naumwa. Nikafikiri juu ya mutoto wetu.

Kulu, ninakujua. Usiite kila mutu kuangalia. Kitu kisichokwisha hakionyeshwi.

Habari ya mutoto kuja huku, bado. Tutaongea.

Useni

—

Goma, tarehe 6 mwezi wa kumi 2024

Kaka yangu mupenzi,

Natumaini baridi haijakuanza. Sisi tuko, Mungu anatushika. Bei ya makala ya kupikia imepanda tena kwa sababu njia za juu si nzuri, na huku upande wa Munigi watu wamejaa mpaka kwenye mashule, familia na familia, waliokimbia vita ya Rutshuru na Masisi. Ninapeleka uji siku ya ijumaa. Mutoto wa Shakila ameanza kucheka.

Kaka, motoka imesimama! Iko na magurudumu manne! Moteri ni ya Toyota, teksi moja iliyogongwa, Rachid aliifungua yote na kuisafisha kwa mswaki. Kwa MSWAKI, kaka, wangu, niliutafuta siku mbili. Mwili wake ni ile plastiki ngumu, mwekundu, mbele imechongoka kama mudomo wa bata. Ukikaa ndani unakaa kama uko chini ya meza.

Sasa usinigombeze. Ulisema nisiite watu. Lakini mama mwenye mutoto kama huyu afunge mudomo na nini? Niliwaleta kwanza wamama wa musikiti, sita tu. Kisha dada zao. Rachid anaifunika blanketi, mimi ninafunua. Siku moja akanikuta.

"Mama, tena?"

"Ni Mama Emerance tu."

"Mama, nilisema tungoje iishe. Ikikataa kuwaka mutanicheka."

Na Emerance hapo hapo: "Hata ikiwaka, itapita wapi? Avenyi ni mawe ya volkano matupu, na hii imelala chini kama mamba. Itaacha tumbo lake kwenye jiwe la kwanza tu."

Rachid akacheka. Akasema, "Mama Emerance, nimeinua springi zake, sentimetre kumi na mbili." Na ni kweli, kaka, sasa imesimama kama mbuzi. Motoka ya mashindano yenye miguu ya mbuzi, kwa sababu ya Goma! Huko kwenu nani angefikiria?

Na siku ilipowaka! Jumamosi, saa kumi. Sauti yake iliingia mpaka ndani ya kifua. Watu walitoka kwenye harusi avenyi ya pili, na gauni zao, wakaacha bwana harusi. Dereva mmoja, Célestin, anayeendesha jeep ya ofisi moja huko Himbi, alisema mbele ya wote: "Fundi wa kutoa motoka ndani ya masanduku, hakuna mwingine mujini humu." Nikamuambia arudie kwa sauti. Alirudia. Tangu hapo jina la Rachid limevuka, hata sokoni Birere wananiita Mama Fundi. Ninatembea polepole ili waniite mara mbili.

Tunangoja kurasa za freni, zile breki.

Dada yako,
Mama Fundi

*Mujomba, kurasa za 41 mpaka 75 ulizotuma baadaye, aksanti, niliziweka ndani ya plastiki zisipate mafuta. Freni za nyuma naona kama pompe inavuja. Ni kawaida ya mwanzo ama nimekosea? Tena, mujomba, nina swali lingine lakini nitakuandikia peke yake.*

—

Antwerpen, 15 mwezi wa kumi na mbili 2024

Kulu,

Salamu. Ninaona habari ya huko kwenye televisheni na ninaizima, kisha ninaiwasha. Uniambie ukweli mukoje, si ule wa kunifurahisha.

Karatasi ya kwanza ndani ya bahasha hii ni ya Rachid. Umupe mukononi. Ninakuambia kilichomo ili nisikufiche: patron wa garaji ninayofanyia kazi amekubali kumupokea kama mwanafunzi wa kazi, mwaka mmoja. Ametia sinyatire, jina lake kwa mukono, na muhuri, kopi iko humu. Aende nayo Kigali mapema, ubalozi uko kule. Rachid aliniandikia mwezi wa kumi. Alisema motoka ni nzuri, lakini anataka kuona fasi yenyewe, mahali zinakotengenezwa. Anaogopa kukuambia.

Kulu, mwaka jana nilikubali ombi lako, na tangu siku hiyo sijalala vizuri. Nilimutumia motoka kwa sababu sikutaka kumutumia njia. Sasa mambo ya huko yamebadilika. Hata leo mukisikia kitu, avuke Gisenyi na suruali aliyovaa. Aache motoka. Ni chuma na plastiki.

Kurasa za freni, 76 mpaka 98, ziko nyuma. Rachid, pompe haivuji kwa kawaida. Badilisha kile kipande cha mupira.

Useni

—

Goma, tarehe 23 mwezi wa tatu 2025

Kaka,

Salamu. Tuko hai. Ile wiki ya masasi, wapiganaji walipoingia mujini na risasi, tulilala chini ya kitanda na godoro juu. Ukuta wa garaji uko na matundu, motoka haikuguswa. Banki zimefungwa, ndege hazishuki. Barua yako ya mwezi wa kumi na mbili ilifika tarehe 10 ya mwezi wa kwanza.

Rachid eko na kazi. Amepata watu wa kumupa kazi.

Utume kurasa zinazobaki.

Kuluthumu

—

Antwerpen, 2 mwezi wa tano 2025

Kulu, dada yangu,

Alhamdulilahi muko hai. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nimekaa, kisha nimesimama tena. Mistari kumi. Wewe, mistari kumi? Wewe unaandika kurasa mbili juu ya kuku.

Kurasa za mwisho ziko humu, 99 mpaka 140: waya, taa, viti. Nimemaliza kitabu.

Sasa nijibu. Rachid anaandika siku zote chini ya barua yako, kwa zile herufi zake ndogo kama sisimizi. Safari hii chini ni weupe. Telefone yake ninapiga, inaita hewa. Kazi gani? Kwa watu gani? Karatasi yangu ya mwezi wa kumi na mbili aliisoma? Mutoto ambaye aliniomba njia, ninamupa njia, na hanijibu hata aksanti?

Mimi ni mujomba wake. Usinifiche mutoto wetu.

Useni

—

Goma, tarehe 19 mwezi wa saba 2025

Kaka yangu Useni,

Salamu alekum. Barua yako imekaa chini ya Kurani wiki tano. Shakila na mutoto ni wazima. Mvua ilikuwa nyingi. Sina habari ingine ya kuweka mbele, nimetafuta.

Rachid hakuisoma karatasi yako.

Mama Sidonie alinipa bahasha mulangoni. Nikaifungua, nikasoma polepole, unajua ninavyosoma, na kidole. Kurasa za freni nilimupa. Ya kwanza na ile kopi ya muhuri niliikunja nikaiweka ndani ya sanduku la vitenge. Nilijiambia, baada ya motoka kuisha. Baada ya ramadhani. Rachid akaniuliza, "Mujomba hakuandika kitu kingine?" Nikamuambia, "Ameandika kwamba pompe haivuji kwa kawaida." Alicheka kidogo, akarudi garaji. Ilikuwa siku kumi na saba kabla ya masasi, kaka. Mpaka ulikuwa wazi. Nimehesabu.

Haikuishia hapo.

Tarehe 20 ya mwezi wa pili, saa nne asubuhi, wanaume wanne wenye bunduki, wa wale walioingia mujini, waligonga. Hawakupiga mulango teke, waligonga vizuri, na mukubwa wao akatoa kofia. Akauliza, "Mama, ni hapa kwa ule fundi aliyejenga motoka toka ndani ya masanduku?"

Na mimi, kaka? Mutu mwingine angesema, fundi gani, mumekosea nyumba. Mimi nilisema, "Ni hapa hapa! Ingieni."

Niliwaingiza. Niliwapa viti. Niliweka chai na mandazi. Ni mudomo tu, ulikuwa umezoea kumusifu, ulijiwasha wenyewe kama moteri. Niliwapeleka garaji, nikatoa blanketi kwa mukono wangu. Rachid alikuwa amesimama nyuma yao na kitambaa cha mafuta, anatikisa kichwa, hivi, polepole. Nikadhani anaona haya. Nikaendelea! Nikasema, "Hakuna moteri inayomushinda. Hata ile iliyokufa anaifufua."

Mukubwa akasema, "Vizuri sana. Tuna motoka nyingi zilizokufa. Atusaidie siku mbili."

Rachid akasema, "Mama ananisifu tu, mimi ni mwanafunzi."

Na mimi nikasema, "Usimusikilize! Ana adabu, alikataa kujisifu tangu mudogo."

Aliondoka na sandali. Hakunigombeza. Alisema tu, "Funika motoka, mama."

Siku mbili zikapita, hakurudi. Nilikwenda Munigi, wana fasi pale ya kutengenezea, wakaniambia amehamishwa juu. Juu wapi? Juu. Mwezi wa tano muuza samaki anayetoka Vitshumbi alisema ameona kijana kama yeye njia ya Rutshuru, chini ya lori, miguu tu inaonekana. Nikamuuliza, alivaa nini? Sandali. Basi. Nina hiyo.

Sasa unajua. Kama hutaniandikia tena, nitaelewa.

Kuluthumu

—

Antwerpen, 24 mwezi wa nane 2025

Kulu,

Nimesoma.

Muzigo mmoja nikutue. Ile karatasi ya mwezi wa kumi na mbili haikuwa kitu. Patron hakukubali. Nilimuomba, akakataa, na mimi niliandika vile ili mutoto afurahi siku ya mwaka mupya. Hata ungemupa, asingepata njia. Kwa hiyo lile sanduku la vitenge ulitoe kichwani. Halina hatia.

Ile chai, mama yeyote angewapa wageni chai.

Mimi ndiye niliyetuma masanduku.

Kula. Niandikie kila mwezi, hata juu ya kuku.

Useni

—

Goma, tarehe 16 mwezi wa kumi na moja 2025

Kaka yangu mupenzi Useni,

Salamu alekum wa rahmatulahi. Mimi niko muzima, ninakula. Mutoto wa Shakila anatembea, anaangusha vitu. Mama Emerance anakusalimia, na safari hii ni kwa moyo.

Kaka, wewe hujui kudanganya. Mudomoni labda, lakini kwa karatasi hapana. Ulisahau kwamba kopi ulinitumia. Iko hapa mbele yangu: sinyatire ya patron wako, imepinda kama mukia wa panya, na muhuri wa buluu. Nimekuelewa. Nimeuweka uongo wako ndani ya sanduku pamoja na ile karatasi, zote mbili. Aksanti.

Sasa nisikilize, nina jambo.

Mwezi uliopita, tarehe 22, alikuja mutu nyumbani, Papa Habineza, dereva wa lori, mutu mukubwa mwenye mvi. Naye wale wenye bunduki walimuchukua, wakamuachia kwa sababu ya mapafu, anaumwa. Aliketi, hakutaka chai. Akasema alikuwa na Rachid mpaka wiki iliyopita. ANAISHI, kaka! Amekonda, lakini anaishi. Akasema, "Mama, ametuma neno moja. Fasi ile, mutu asiyejua kazi wanachoka naye, kuna waliorudishwa nyumbani. Yeye tangu mwezi wa sita anaharibu. Anakaza bulo moja kabla ya zingine. Anasema hajui, alikuwa mwanafunzi tu. Hawamuamini, kwa sababu ya yale waliyosikia hapa. Watakuja kukuuliza. Anakuomba useme hajui kitu."

Nikamuuliza, alisema vile vile? Akasema, "Alisema: mama ataweza, lakini itamuuma."

Kaka, nilikwenda garaji, nikafungua blanketi. Inang'aa ile motoka. Nani ataniamini, na kitu kama hiki ndani ya nyumba?

Nilichukua kurasa zako, zile za ndani ya plastiki na zile za mwisho. Nilianza mwisho, 140, nikarudi nyuma. Fasi uliyoandika funga, mimi nilifungua. Fasi uliyoandika unganisha waya mwekundu, niliutoa mwekundu. Siku sita, na ya tano primeri yangu, na kle zake, zile spana, vidole vyote damu. Picha zako zilinisaidia. Taa nilitoa, viti nilitoa, vile Rachid alivyoweka kwa akili yake bila kungoja kurasa, volan, freni zile za shida. Mama Emerance aliangalia juu ya ukuta siku mbili, ya tatu akaruka ukuta na umri wake akaja kushika upande wa pili. Mwili mwekundu tuliupaka matope na majivu. Ndani tuliweka kuku. Kuku wakaona ni yao, wakataga.

Walikuja tarehe 29. Si wale wale, ila mukubwa alikuwa yule yule mwenye kofia. Hakuitoa.

"Mama, kijana wako ni fundi ama si fundi?"

"Fundi wa nini?" nikasema. "Fundi wa kulala?"

"Wewe mwenyewe ulituambia anafufua moteri."

"Baba, ni mama gani hamusifu mutoto wake? Na wewe uliamini? Mama yako hakukusifu kitu ambacho hukuweza?"

Mmoja nyuma akacheka. Nikawapeleka garaji. Kuku akaruka toka fasi ya moteri, na yai likabaki pale. Nikasema, "Angalieni. Mujomba wake alituma kitu kizima toka Ulaya, huyu akakifungua akashindwa kukirudisha. Mwaka na nusu. Siku ile ulikiona kimesimama, ni kamba zilikishika, mulipotoka kikaanguka. Mimi natafuta mutu wa kuniondolea takataka hii, muna lori?"

Na Emerance juu ya ukuta, hakuna aliyemuuliza: "Yule? Aliua redio yangu! Nilimupa inaimba akanirudishia inakohoa!"

Wakacheka wote. Walimucheka mutoto wangu, kaka, na mimi nikacheka nao, kwa sauti, nikashika tumbo. Nikasema ni muvivu. Nikasema diplome yake tulihonga. Nikasema hana mikono. Ile mikono! Kila neno nililosema, nilimuona mudogo, ana miaka minne, amefungua saa ya baba yake na kuirudisha na inatembea.

Mukubwa hakucheka. Aliangalia yai muda murefu. Kisha akasema kwa wenzake, wakitoka, "Sasa mutu kama huyu tunamulisha wa nini?"

Hayo ndiyo maneno yake, sikuongeza. Ninayageuza kila siku kama ulivyokuwa ukigeuza kile kitabu. Mutu wasiyetaka kumulisha wanamurudisha kwao. Papa Habineza alirudishwa. Ama wanamufanya nini kingine? Nimemuuliza Habineza, akaangalia chini, akasema, "Wengi wanarudi, mama." Wengi ni wangapi, hakusema, na mimi sikuuliza mara ya pili.

Leo ni siku ya kumi na nane. Mulango siufungi na komeo. Sokoni wameacha kuniita Mama Fundi, na akikosea mutu akaniita ninageuka na kumutukana, wote wasikie.

Nakuomba kitu kimoja, kaka, kigumu. Huko mna watu wa Goma wengi, na maneno yanasafiri mbio kuliko barua. Ukikaa nao, wakikuuliza habari ya mwana wa dada yako, najua unavyompenda, najua utataka kusema. Usimusifu. Sema hajui kitu. Sema tangu mudogo hakuwahi kujua kitu.

Dada yako,
Kuluthumu